Bamba la Tano la Punnaivayal

Sanduku la hekalu la Punnaivayal hufunguliwa kwa funguo mbili, na wenye funguo hizo walikuwa hawasemezani tangu Novemba. Kuhani Somaskanda alitia wake, akauzungusha, akarudi nyuma hatua tatu. Kalyanarangam, mdhamini wa hekalu, alitia wake huku shavu limemjaa tambuu. Katika kila mashamba manne yaliyonyweshwa na mfereji wa kijiji, matatu yalikuwa yake, na la nne alikuwa analitafuta mahakamani.

"Hesabu mwenyewe, Inspekta," alisema. "Nasikia polisi wa siku hizi mmesoma."

"Tunafika mpaka kumi, bwana," alijibu Inspekta Masilamani. "Zaidi ya hapo tunamwita konstebo."

Konstebo Ezhumalai, aliyesimama mlangoni na daftari, alikohoa ili asicheke.

Masilamani alitandika kitambaa cheupe juu ya sakafu ya mawe, akayatoa mabamba kwa mikono miwili. Ilikuwa shaba nzito. Kila bamba lilikaribia urefu wa dhiraa, na yote yalitungwa kwenye pete nene kama kidole gumba. Juu ya pete ulikaa muhuri: chui milia ameketi, samaki wawili ubavuni mwake, upinde, na mwavuli juu yao wote. Chui ni Wachola wenyewe, wafalme waliotoa mabamba. Samaki ni Wapandya, waliopigwa. Upinde ni Wachera, waliopigwa pia. Kwa zaidi ya miaka mia tisa muhuri ule ulikuwa ukijisifu gizani, ukisikilizwa na mende.

Akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne.

"Yalikuwa manne, ni manne, yatakuwa manne," alisema Kalyanarangam. "Hilo la tano ni ngano ya cheri. Wanapenda sana wafalme, wale. Mtu asiye na kitu hupenda vitu vya wafalme."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu saa nne asubuhi, mahakama ya Thanjavur ingeamua kama nyumba arobaini na moja za cheri, mtaa wa watu wa tabaka la chini, wapiga ngoma na walimaji, ulioko ng'ambo ya mfereji, zimesimama juu ya ardhi ya hekalu au juu ya ardhi ya wenyewe. Zikiwa za hekalu, mdhamini angezibomoa kabla mpunga haujaingia ghalani, ajenge kinu. Watu wa cheri hawakuwa na hati. Nani angewapa? Waliochimba mifereji ya nchi hii kwa kucha zao hawakupewa hata karatasi ya kufungia karanga. Walikuwa na neno moja tu, waliloambiwa kizazi hadi kizazi: kwamba mfalme Rajendra Chola alipolizawadia hekalu kijiji hiki, aliandika katika bamba la tano kuwa cheri haimo katika zawadi hiyo. Wala nyumba zake, wala kisima chake, wala makaburi yake. Wakili wao alikuja wiki iliyopita na mtu wa kunakili, sanduku likafunguliwa, akakuta manne. Mariyayi, mkuu wa wanawake wanaopandikiza mpunga, akatembea maili sita hadi kituoni, akatia dole gumba kwenye malalamiko.

"Sukuma mlango, Ezhumalai. Nipate jua."

Jua liliingia. Masilamani alipiga magoti, akayafunua mabamba moja moja bila kuyatoa kwenye pete. Kusoma herufi zile za kale hakujua, lakini shaba aliifahamu. Mama yake aliosha vyombo vya watu. Bamba la kwanza uso wake wa nje ulikuwa mtupu, umekwaruzika kama sufuria ya mpishi wa harusi, na wa ndani umejaa maandishi. La pili lilijaa pande zote mbili, na la tatu vilevile. La nne alilitazama muda mrefu. Nalo lilijaa pande zote mbili, na herufi za uso wake wa nyuma zilikuwa kali, kona zake hazijalika. Katikati, ndani ya herufi chache, kulikuwa na mabaki ya njano yaliyokauka na chembe nyekundu. Alichukua njiti ya kibiriti akayagusa, akainusa, akaitia mfukoni.

"Bwana Kalyanarangam. Msafiri akivaa nguo mbili, nzuri na mbovu, ipi huwa juu?"

"Unaniuliza mimi mambo ya nguo?"

"Mchongaji wa mfalme alijua kwamba bamba la juu na la chini yatasuguliwa na sanduku. Kwa hiyo aliacha uso wa nje wa la kwanza mtupu, na wa la mwisho mtupu. Sanduku likwaruze shaba, lisikwaruze maneno. Hapa uso wa mwisho una maneno, tena mazima kama yalichongwa juzi. Uso huu ulikuwa wa ndani miaka yote. Umetoka nje miezi michache tu."

"Labda mchongaji aliishiwa shaba."

"Aishiwe shaba? Ukoo ulioezeka paa la hekalu la Chidambaram kwa dhahabu?"

Kuhani Somaskanda alitazama chini, lakini mabega yake yalitikisika.

"Na pete hii," Masilamani aliendelea, "nani aliikata?"

"Ilikatwa zamani," alisema kuhani. "Mwaka wa thelathini na mbili. Msomi mmoja wa Madras alikuja kunakili, akaikata ayatoe, kisha akaibana kwa koleo. Homa ikamuua kabla hajachapisha hata mstari. Marehemu baba alikuwa akisema ni laana. Mimi nasema ni maji ya kisima cha nyumba ya wageni."

Kwa hiyo mtu yeyote mwenye koleo na vidole vya nguvu angeweza. Masilamani alimwomba kuhani aende kwenye sala yake ya mchana. Alipotoka, Inspekta alimwashiria konstebo, naye Ezhumalai akalamba kidole, akafunua daftari.

"Sikukuu ya Saraswati, mwezi Oktoba," alisoma. "Mabamba yametolewa, yako mbele ya mungu wa elimu pamoja na vitabu na vifaa vya kazi. Baada ya chakula cha mchana gari jeupe linafika. Bwana mdhamini anawatoa watu wote ukumbini. Anabaki peke yake muda wa kusokota shada moja la asumini."

"Nani kasema?" aliuliza mdhamini.

"Aliyesokota shada."

Kalyanarangam alitema tambuu kwenye kopo lake la shaba. Alipoinua uso, alikuwa ameacha kutabasamu.

"Mahakamani nitasema manne," alisema polepole. "Hapa nakwambia wewe, kwa sababu nakujua. Wewe ni mtoto wa Keezhvaasal, mtaa wa vibarua wetu. Baba yako alikuwa nani?"

"Mchunga nyati wenu."

"Ahaa. Basi sikia, mtoto wa mchunga nyati. Nilikuja kulichukua. Koleo nilikuwa nalo mfukoni. Nikafungua pete, nikahesabu, nikakuta mtu kaniwahi. Nikaifunga pete, nikaenda zangu nyumbani nikala vizuri sana."

"Unataka nikuamini."

"Sitaki chochote kwako. Lakini ukitaka kunifunga kwa nilichokitamani, mtajenga jela kubwa kuliko hekalu la Thanjavur."

Akatoka. Gari liliwaka nje, likaondoka na vumbi lake.

"Ni yeye," alisema Ezhumalai. "Bosi, haki ya Mungu ni yeye. Tumkamate kabla hajafika nyumbani, nimeota siku hii tangu nivae kaptula."

Masilamani naye alitamani iwe yeye. Nani asingetamani? Watu watatu wa ukoo wa Masilamani walikufa wakiwa wamemwinamia babu wa mtu huyu. Lakini kutamani si ushahidi, na mtu aliyeficha kitu hamwambii polisi kwamba alikuja na koleo.

*

Kuhani alimkuta Masilamani amekaa kwenye ngazi za jiko la hekalu. Ndani ya ukumbi mashine mpya ya kupiga ngoma za sala ilikuwa inafanya kazi: mota moja, mikono minne ya chuma, ngoma mbili na kengele mbili, vyote vikigongana pamoja kama vyombo vilivyodondoka. Ilikuwa na jina la mfadhili kwa rangi nyekundu.

"Zamani walikuwa wapigaji tisa," kuhani alisema bila kuulizwa. "Wa mwisho alikuwa mjomba wake Mariyayi. Yule bwana alikuwa akipiga, hata ng'ombe wa mfereji wa pili wanaacha kunywa. Sasa tuna hiki kidude. Umeme ukikatika, mungu anakula kimya."

"Mlimlipa nini mjomba wake?"

"Mpunga. Mpaka walipomwambia basi."

Masilamani alitoa ile njiti mfukoni. "Hii ni nini?"

Kuhani aliinusa. "Liwa ya msandali. Na unga mwekundu. Ya kwangu hii, nasaga mwenyewe."

"Unaipakaje kwenye mabamba?"

"Kama kila kitu siku ya Saraswati. Kitabu, mundu, cherehani, hata baiskeli ya posta. Vidole vitatu vya liwa, doa moja jekundu katikati. Mabamba nainua kwa pete, napaka uso wa juu, nageuza, napaka uso wa chini. Ndani sipaki."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Kabla mtu yeyote hajaingia."

"Na tangu Oktoba hayajaoshwa?"

"Huoshwa mara moja tu kwa mwaka, Inspekta, siku moja kabla ya sikukuu. Ukwaju na majivu. Nikishapaka, inabaki mpaka mwaka mwingine."

Mota iliendelea kugonga. Masilamani aligeuza njiti kati ya vidole vyake mara mbili. Liwa ya asubuhi ile ilikuwa imekauka ndani ya herufi za bamba la nne, uso wa nyuma. Kuhani alipoinua mabamba akayageuza, uso wa mwisho ulikuwa ule. Bamba la tano lilikuwa limekwisha kutoka kabla ya gari jeupe, kabla ya asumini, kabla ya asubuhi yenyewe.

"Hukuona kwamba uso wa chini una maandishi? Miaka yote ulikuwa mtupu."

Kuhani aliona haya. "Inspekta, siku ile hatusomi. Hata herufi. Vitabu vimelala, na macho pia tunayalaza. Mimi napaka huku natazama taa. Baba alinifundisha hivyo."

"Nani huyaosha?"

"Wewe si ulisoma hapa? Unanitania?"

"Niambie tu."

"Nani mwingine anayejua kuosha shaba ile bila kula herufi? Nampelekea kwenye ngazi za bwawa, nje, kwa sababu ndani ya hekalu... unajua mwenyewe mambo yetu. Anakaa pale na bakuli lake la ukwaju tangu nikiwa mdogo. Mwalimu Amirthalingam."

Ezhumalai alifunga daftari taratibu bila kuandika.

*

Walivuka mfereji kwa miguu. Sikukuu ya mavuno ilikuwa imepita siku tano tu. Pembe za ng'ombe zilikuwa bado na rangi, bluu na nyekundu, na maganda ya miwa yalitapakaa njiani. Kwenye kibanda cha chai glasi za kijiji zilipangwa juu ya meza, na glasi za cheri zilining'inia kwenye misumari nje, kila mtu aoshe yake. Sheria iliyokataza jambo hilo ilikuwa na umri sawa na miaka ya Masilamani kazini. Mwenye kibanda alipomwona na sare alishusha haraka glasi ya mezani. Masilamani akapita, akaangua moja kwenye msumari, akanywea hapo hapo amesimama. Hakumwambia neno. Kuna maneno yamesemwa mpaka yamechoka.

Shule ilikuwa imebomoka, imebaki ngazi tatu na mlingoti wa chuma wa kengele. Zamani, kila Ijumaa alasiri, pale pale, Mwalimu Amirthalingam alikuwa akiweka chaki chini na kuwapa watoto wafalme. Jua liliwazaa wafalme hao. Kisha Manu, aliyempitisha mwanawe chini ya gurudumu kwa sababu mwana huyo alimgonga ndama, na ng'ombe mama akaja kudai haki. Kisha Karikala aliyeuinulia mto Kaveri kingo. Vijayalaya aliyeitwaa Thanjavur. Rajaraja wa hekalu kubwa. Rajendra, aliyepeleka jeshi mpaka mto Ganga likarudi na maji ndani ya vyungu. Watoto wa wachunga nyati walikaa matumbo matupu, wakashiba maji ya Ganga. Mwishoni mtu lazima angeuliza: "Na sisi, Mwalimu?" Naye angejibu: "Ninyi mko bamba la tano. Mfalme aliwatenga, mkawa watu wenye kujimiliki." Wakaenda nyumbani wakikimbia.

Mwalimu alikuwa barazani, miaka themanini na mbili, anakula wali wa jana uliolowekwa na kitunguu kimoja. Alimtazama Masilamani kuanzia kofia hadi viatu.

"Karibu. Umekonda, au ni mkanda wa serikali unakubana?"

"Mkanda, Mwalimu."

"Kaa. Na huyu kijana mwenye masikio?"

"Konstebo Ezhumalai, babu."

"Kaa na wewe. Mnakula?"

"Tumekuja kazini, Mwalimu."

"Najua. Nilikufundisha kuhesabu. Sasa umekuja kunihesabia."

Masilamani alivua kofia akaiweka gotini. Alieleza kwa ufupi, kama anavyoeleza mahakamani: nyuso za nje, herufi zisizolika, liwa, ukwaju, ngazi za bwawa. Mzee alisikiliza huku akisukuma wali kwa kidole. Mara moja tu alitikisa kichwa, kama anapotia alama ya vema.

"Ungejua kusoma, ungefika jana," alisema. "Bamba la nne linaishia tembo amesimama njiani. Tembo jike wa mfalme anazungushwa mpaka wa kijiji, watu wanamfuata nyuma wakipanda mawe na vichaka vya utupa kuwa alama, anafika kwenye mti wa punnai wa kaskazini mashariki, halafu basi. Tembo gani anaachwa hapo?"

"Liko wapi, Mwalimu?"

"Kwenye kapu la mbegu."

Hakusogea. Konstebo alitazama kapu kubwa la mpunga wa mbegu pembeni mwa mlango, akamtazama bosi wake, akabaki amekaa.

"Kwa nini?"

"Unakumbuka nilivyojifunza?"

"Ulimchotea maji yule msomi wa Madras."

"Nilikuwa na miaka ishirini na minne, najua kulima tu. Kazi yangu kulowesha karatasi, kuilaza juu ya shaba, kuipigapiga kwa brashi hadi iingie kwenye herufi, kisha wino. Yeye anasoma kwa sauti, mimi napiga. Siku ya tisa nikamsahihisha. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanifundisha miezi miwili yote iliyobaki, barazani kwa wageni, mimi nikikaa ngazi ya chini. Tulipofika bamba la tano aliacha kusoma kwa sauti. Akaniambia, 'Hili malizia peke yako, Amirthalingam.' Akaondoka akaenda kuvuta sigara."

Akaosha mkono kwenye sahani ile ile.

"Lina mistari kumi na saba. Kumi na moja ya juu inatupa ardhi. Tembo anafika hapa tulipo, anazungushwa nje, yote, nyumba na kisima na makaburi. Kama nilivyowaambia kila Ijumaa. Sita ya chini sikuwahi kumwambia mtu."

"Inasema nini?"

"Inatuuza."

Ndege walikuwa wanagombea mbegu zilizomwagika. Mzee alisubiri wamalize.

"Ulikuwa mwaka wa njaa. Watu tisa wa cheri hii walijiuza kwa hekalu, wao na watoto wao na watoto wa watoto wao, maadamu jua na mwezi vipo. Kwa majina. Mfalme anawapa ardhi kwa mkono huu, na mkono huu hekalu linawatia kwenye hesabu ya vyombo vyake, baada ya vinara. Septemba wakili alisema atalisoma mbele ya hakimu na magazeti yatachapisha. Nikafikiri, tuna kadi za chakula, tuna risiti za kodi ya nyumba, zitatosha. Oktoba, siku ya kuyaosha, nikalitoa. Desemba hakimu akazitupa kadi na risiti. Nikashindwa kulirudisha. Kila asubuhi nasema leo. Naogopa kuliko siku ya kwanza."

"Uliogopa nini, Mwalimu? Nyumba arobaini na moja!"

"Usinipigie kelele, nakumbuka ulivyokuwa unakojoa darasani." Sauti yake ilipasuka. "Ukoo wao unaanza na jua. Mabamba mawili na nusu ya baba na babu na baba wa babu! Wetu unaanza na mnada. Ningewaambiaje wale watoto? Nilichukua nyundo, mara tatu nimechukua nyundo niilaze ile mistari sita. Shaba haichaniki kama karatasi. Na kila nikiinua, naona majina. Nikipiga, wamekufa mara ya pili."

Ezhumalai alikuwa anachora duara kwenye vumbi kwa kidole.

"Mimi nina malalamiko ya kitu kilichopotea," alisema Inspekta hatimaye. "Mlalamikaji ni Mariyayi. Kikipatikana, sheria inataka mlalamikaji akitambue. Hukumpa nafasi ya kuchagua, Mwalimu. Ulichagua peke yako, kama wao wanavyochagua kule ng'ambo."

Mzee aliinamisha kichwa. Hakuna pigo lililowahi kumpata barabara namna ile, na aliyelitoa alikuwa mwanafunzi wake.

"Mwite," alisema.

Hakuhitaji kuitwa. Gari la polisi likisimama ng'ambo ya mfereji, cheri nzima hujua kabla injini haijapoa. Mariyayi alikuwa ameshafika uani, sari imekunjwa kwa kazi, matope hadi magotini, na nyuma yake watu ishirini, thelathini, wanaongezeka. Masilamani alitia mkono kwenye kapu hadi begani. Alitoa bamba likitiririka mpunga, uso mmoja mtupu wenye mikwaruzo, mwingine umejaa.

Mariyayi alilitazama, kisha akamtazama mzee.

"Wewe?"

"Mimi, binti yangu."

"Miezi mitatu nalia kwa wakili, nalia kwa polisi, natia vidole kwenye wino mpaka vimebadilika rangi, na wewe umekalia? Ndani ya mbegu? Tungepanda mwezi wa sita tungevuna shaba!"

Mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa.

"Kuna mistari ya chini," alisema mwalimu. "Sikuwahi kuwasomea. Mkiisikia mtanichukia, au mtajichukia."

"Soma."

"Mariyayi..."

"Mwalimu, Jumatatu saa nne wanakuja kubomoa kwa karatasi. Soma."

Alilipokea bamba mapajani. Hakuvaa miwani, alisoma kwa ncha ya kidole, kama alivyojifunza. Tembo aliondoka kwenye mti wa punnai. Alishuka kando ya mfereji, akafika kwenye cheri, akapita nje yake, mawe yakapandwa, na kodi ya mfalme isiingie, na fungu la hekalu lisiingie. Watu walinong'ona, hayo waliyajua. Kisha kidole kilifika mstari wa kumi na mbili, kikatulia, kikaendelea. Njaa. Kujiuza. Jua na mwezi.

Mwanamume mmoja alisema kwa hasira, "Walinunuliwa kwa kiasi gani?"

"Nyamaza wewe na kiasi," Mariyayi alimkata. "Aibu ya bei ni ya aliyelipa." Akachuchumaa mbele ya mzee, uso wake usawa na shaba. "Wanaitwa nani?"

"Kuttan, mwana wa Sattan. Nangai, mkewe. Kaari, ndugu yake..."

"Ngoja. Huyo wa pili."

"Nangai."

"Mama yangu aliitwa Pechi. Bibi yangu sijui. Walimwita yule mzee wa kisimani, mpaka akafa. Hapo ndipo ukoo wangu unakwisha, Mwalimu, kisimani. Kalyanarangam anawajua babu zake kumi na wawili, kila mwaka siku ya mababu anawataja wote kwa mchele na ufuta. Mimi siku hiyo namwaga maji na kusema, 'nyote ambao siwajui.'" Alifuta uso kwa kiwiko, matope yakabaki shavuni. "Na wewe ulikuwa nao miaka yote hiyo."

Masilamani alivaa kofia, akaivua tena.

"Jumatatu," alisema Mariyayi, "utasoma wewe. Siyo wakili. Yote kumi na saba, usimeze hata moja, na mwenye kinu akae mbele asikie hekalu lake lilivyonunua watu wenye njaa. Wakituuliza hati, hiyo. Wakituuliza ninyi ni nani, hiyo."

Akageuka akawatazama waliojaa hadi barabarani, wengine juu ya ukuta, wengine na watoto mabegani.

"Sasa anza majina upya, Mwalimu. Polepole. Wale wa nyuma hawajasikia."